Soko la Kimya Uani Kwetu

Enzi zetu kule Lubumbashi, na nyie mliokuzwa kwa ugali wa bukari na visamaki vya ndakala mtanielewa, mchezo wetu mkubwa haukuwa kuruka kamba. Tulicheza soko. Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa historia, na Jumamosi alitukusanya watoto wa mtaa uani akatusimulia habari za wafanyabiashara wa kale wa Afrika Magharibi, watu wa chumvi na watu wa dhahabu, waliouziana bila kusema neno kwa sababu hawakujua lugha ya wenzao. Mwenye chumvi aliipanga chini, akapiga ngoma, akaenda zake mbali. Mwenye dhahabu alikuja, akaweka dhahabu kando, naye akaondoka.

Sisi chumvi yetu ilikuwa mchanga, na dhahabu vizibo vya bia. Mwenye chumvi ukirudi kutazama ukaridhika, unachukua dhahabu. Usiporidhika, unaacha kila kitu palepale, maana yake ongeza. Aliyechungulia kabla ya wakati alikemewa na Papa: "Usigeuke, utaharibu soko!" Mimi na mdomo wangu huu, kunyamaza kulikuwa adhabu.

Papa alipenda pia kutueleza kwamba baadaye kidogo, huko Ulaya, watu walianza kuhoji kila walichoambiwa, dunia ikoje na nani kasema. Aliwasifu mno. Mama, akipepeta unga mlangoni, alimjibu: "Wazungu wakiuliza, ni akili ya mupya. Mie nikiuliza, niko kichwa ngumu." Tulicheka hadi machozi. Lakini Papa alipofika kwenye meli zao na mizinga, sauti ilishuka. Alisema hao hawakuweka kitu chini na kurudi nyuma. Hawakuwa na muda wa kusubiri.

Mchezo ule ukaingia ndani ya nyumba. Wazazi wangu wakikosana, Papa aliweka kitenge kwenye kigoda cha jikoni, akatoka. Mama akikiacha pale, tulijua bado. Papa aliongeza sabuni ya kunukia, au samaki mbichi aliyefungwa gazetini. Akikataa kabisa, Mama alivirudisha vyote kitandani kwa Papa. Akikubali, usiku ule tulikula vizuri, na wao wakacheka chumbani kama watoto.

Ualimu ulipoacha kutulisha, Papa akaamua tuhamie Durban. Mama hakutaka kwenda kuwa mgeni wa watu. Papa akapanga kwenye kigoda kitenge kizuri kuliko vyote, viatu, redio yake, na juu kabisa tiketi ya basi ya Mama. Mama alitazama, akaacha. Papa akavua saa yake ya mkononi, akaiweka juu. Mama akaacha. Siku ya safari ikafika, na basi halisubiri mtu. "Atavirudisha tukishaondoka," Papa aliniambia. "Amekataa." Nilimshika Mama kiuno, nikalia hadi nikatolewa kwa nguvu.

Miaka yote tuliyokaa hapa Durban, Papa na Mama walisalimiana kwa simu kama majirani. Waliulizana afya na mvua, basi.

Mwaka jana mdogo wake Mama alipiga simu kutoka Lubumbashi kutupa habari ya msiba wa Mama. Papa, mzee sasa, tunakaa naye mtaa wa Cato Manor, alikuwa kando yangu, simu ikiwa kwenye spika. Mama mdogo alilia, kisha akasema: "Na ile vitu ya Papa yako ingali kwenye kigoda. Alikuwa anaipanguza vumbi kila siku. Alikatalia kila mutu kuigusa."

Papa akainua kichwa. "Hakurudisha?"

"Hapana. Hakurudisha, hakuchukua."

Papa akafunika uso kwa mikono, na mwalimu wangu akalia kwa sauti mbele yangu. Mama hakuwa amekataa. Alikuwa anasema ongeza.

Binti yangu, mzaliwa wa hapa, akinyamaziwa dakika kumi tu na rafiki yake anatangaza: "Eish, Mama, ameniblock!" Namtania kwamba watoto wa leo hawana subira hata ya kupoza chai. Lakini yeye huandika palepale, "Umekasirika?", na hujibiwa. Enzi zetu tulifundishwa kunyamaza vizuri mno. Mama yangu amekufa akimsubiri mtu arudi kutazama.