Jua la Saa Sita na Makopa ya Hitima

Naona haya kulisema hili, na hasira nazo bado ninazo, za kujikasirikia mwenyewe, lakini ninyi si watu baki.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa hali ya hewa Kilwa Masoko, kazi yangu kukokotoa ni jua kiasi gani limefika ardhini. Si jambo gumu, niwaeleze taratibu: asubuhi jua limeinama, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi na mwingi unapotea njiani, saa sita liko utosini, unapita hewa kidogo, unafika mkali. Kwa hiyo unapima kila saa, unakokotoa, mwisho unajumlisha. Mimi nikachoka, nikawa napima saa sita tu na kuzidisha kwa namba ileile kila siku (siku za anga safi jibu lilikaribiana na la njia ndefu, nikajiona bingwa).

Nikaenda likizo Mitole kwa wakwe, kipimo begani ili wanione. Mama mkwe alikuwa ameanika mihogo ya makopa, ndiyo chakula cha wageni wa hitima ya marehemu mumewe, hana kingine. Siku ya tatu nikapiga hesabu yangu, nikaona jua lililoyapiga linatosha kuyakausha, nikamwambia afunge magunia. Akasema kwa upole tungengoja siku mbili zaidi. Nikamjibu mbele ya majirani zake, "Mama, hesabu haibahatishi." Akafunga, kwa kuwa mkwe hagombezwi.

Asubuhi ya hitima wanawake walikuja kutwanga, wakafungua gunia la kwanza: ukungu mweusi mtupu. La pili vilevile. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikachuchumaa mbele ya wageni nikaanza kuandika hesabu mchangani kuthibitisha kwamba yalikauka!

Shemeji yangu akainama, akatazama.

"Na moshi umeuweka wapi, shemeji?"

Watu wakacheka, kwenye hitima. Mitole nzima ilikuwa inachoma mashamba mapya, moto unawashwa mchana baada ya saa sita, nimeshapima, jua linafunikwa mpaka magharibi, na moshi huo ulinikohoza siku zote tatu!

Majirani wakachanga mtama, wageni wakala alasiri. Nilitamani mama mkwe anitukane. Alinipakulia wa kwanza, akasema, "Kula, mwanangu, Masoko ni mbali." Nikaelewa nimeagwa.

Siku hizi karani mpya akitaka njia ya mkato simkatazi, ni nzuri, inaokoa muda. Namwambia tu kwanza atoke nje atazame anga, na asiponisikia namfokea, ingawa ninayemfokea hasa si yeye.