Meko ya Nyanya

Juzi, nikipita Mundika, niliona fundi akijenga meko ya pili kwenye jiko lenye bomba moja la moshi. Nikakumbuka harufu ya udongo mbichi na mavi ya ng'ombe, alasiri ile siku chache baada ya kumzika baba.

"Mama, bomba ni moja," fundi wa siku hiyo alimwambia nyanya, mamake baba. "Moshi utarudi ndani."

"Wewe jenga tu."

Mama yangu alikuwa kwenye meko ya zamani, akikoroga mboga ya mrenda. Hakugeuka. Mimi nilifurahi, nikijua sasa nitakula mara mbili. Minong'ono kwamba baba aliuawa na chakula nilikuja kuisikia nikiwa mkubwa.

Fundi alipoondoka, mama alinipa sahani ya ugali na mrenda nimpelekee nyanya. Nyanya aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akammwagia mbwa chakula chote. Kisha akakaa kwenye kigoda akimtazama yule mbwa kwa muda mrefu.

Nilirudi mbio kumwambia mama kwamba nyanya anampenda sana mbwa wetu.

Mama alifunika sufuria.

"Mwache amtazame," alisema. "Hata kesho atamkuta hapo."