Lundo la Udongo la Manubia

Asubuhi ile Manubia alikoroga bsisa, unga wa nafaka zilizokaangwa, akamsogezea mumewe Hasuna bakuli, kisha akamnyang'anya chupa ya mafuta ya zeituni.

"We mzee, unakula au unaoga?"

"Mafuta yangu."

"Miti yangu."

Wakacheka. Akajifunga kitambaa, akaenda kupalilia shayiri yake juu ya lundo la udongo shambani. Wiki haikwisha, Hasuna akamzika.

Lundo lenyewe lilianzia kwa Haji Temimi, mwenye kinu cha kukamulia zeituni, nje kidogo ya mji wa Sfax. Alitaka kuchimba bwawa la kukaushia maji meusi ya kinu kwenye shamba alilorithi Manubia. Manubia akakubali kumkodisha, ila udongo wa juu ukwanguliwe kwanza, urundikwe kando, na chini pashindiliwe udongo wa mfinyanzi, tabaka juu ya tabaka, maji yasipenye.

"Mama Sasi, maji haya yana mafuta," Haji akasema. "Yataziba chini yenyewe. Sote tunafanya hivyo."

"Ndiyo maana visima vyenu vinanuka. Haji, kinu chako kitahama siku moja. Shamba langu litahamia wapi?"

Haji akaguna, akaleta udongo wa mfinyanzi.

Kila vuli Manubia alipanda shayiri juu ya lundo, upepo usilibebe. Wanawake wakimuuliza anamlinda maiti gani mle, naye anawajibu: "Mume wa pili." Hasuna alicheka nao, lakini bwawa lilimtia hofu. Weusi ule ukizama chini, shamba la mkewe limekwisha.

Baada ya mazishi kinu kikahamia barabara kuu. Bwawa likakauka, katapila likazoa utando mweusi. Hasuna akashuka na sepetu yake. Akakata ule udongo wa mfinyanzi: juu mweusi, chini kidogo hudhurungi, chini kabisa mchanga mweupe, mkavu. Akaunusa. Akaketi palepale.

"Mzee, kulikoni?" Haji akaita kutoka ukingoni.

"Hakuna kitu," Hasuna akasema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Hakuna kitu kabisa, Haji!"

Wakarudisha udongo wa lundo, mizizi ya shayiri imo ndani. Mche wa kwanza Hasuna aliupanda pale alipoonyeshwa na mkewe siku waliyomaliza kushindilia, Manubia amesimama kwenye bwawa tupu, viatu mkononi:

"Hapa utanipandia mzeituni, Baba Sasi. Na mafuta yake usinimalizie."