Kapteni Aliyefufuliwa

Harufu ya ngozi mbichi zilizoanikwa nyuma ya kichinjio cha Kitengela hainitoki puani mpaka leo. Nyumba yetu ilikuwa upande ulikoelekea upepo, na katika uvundo huo, kiangazi kimoja, dada yangu Naserian alitusomea vitabu vya askari wanaopigana kwenye sayari za mbali. Hadithi zilikuwa fupi, kila moja ikiendeleza iliyotangulia. Vitabu hivyo alituletea baba mdogo, mwanajeshi, kabla hajapelekwa vitani ng'ambo ya mpaka. Koko, yaani nyanya yetu, hakujua Kiingereza, basi Naserian alimtafsiria na kuwapa askari majina ya nyumbani. Kapteni wao akapewa jina la baba mdogo. Koko, mama yake, alicheka mpaka ugoro ukamtoka. Mimi vitabu hivyo vilinichukiza. Watu waliungua kwa maelfu na hakuna aliyenuka! Mtoto wa kichinjioni hadanganywi kuhusu nyama. Aisifuye mvua imemnyea, lakini yule aliyesifu vita vile hakuwahi kuguswa hata na manyunyu.

Mwisho wa hadithi moja, kapteni aliuawa. Kabla hatujafungua iliyofuata, baba mdogo aliletwa nyumbani ndani ya jeneza. Kwetu Wamaasai, aliyekufa hatajwi jina tena. Hata jamaa aliyeitwa hivyo hupewa jina lingine. Waombolezaji walipoondoka, Naserian alitaka kuvichoma vile vitabu, Koko akamzuia. "Soma. Si ulisema iko na ingine?" Naserian akasoma. Wakubwa wa kapteni walikuwa wamemuunda upya kwa mashine, mzima, hana hata kovu. Alipofika kwenye jina, dada alikwama. "Yule... yule ambaye hayuko, akaamka." Koko akamkazia macho. "Huyo wenu ameamka. Wangu ako wapi?" Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Siku hizi mtoto wa Naserian huwatazama askari wa aina hiyo kwenye simu huku akila. Wakilipuliwa, haachi hata kutafuna. "Anti, tulia, atarudi tu," huniambia, nami hamu ya chakula huniisha kabisa. Juzi aliniuliza yule babu yake mwanajeshi aliitwa nani. Nilimwambia alikuwa na jina, tena zuri, na kwangu hatalisikia.