Mstari wa Wanaokataa

Mwanangu wa tatu ni profesa wa sheria. Kwa miaka mingi nimemsikia redioni akieleza sera za serikali, demokrasia, na pengo lililopo kati ya matajiri na maskini. Kila akimaliza, majirani zangu hapa Mwamkulu huja kunipongeza kana kwamba ni mimi niliyesema. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu, usinipambe.

Alikuja likizo, ikawa wiki ileile ya mkutano mkuu wa kijiji. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka kukodishwa bonde letu lote alime mpunga kwa trekta. Bonde hilo hulimwa na wake za wanangu na wake za wana wa majirani. Kila mmoja ana majaruba yake machache, na humo ndimo kinamotoka chakula cha nyumba. Likiondoka, hawana pengine pa kulima.

Mwenyekiti alimwomba profesa asimamie kura, kwa kuwa hana shamba humo. Alikubali haraka mno. Alitufundisha mpaka jua likatufika utosini, kisha akasema kura ya kunyoosha mikono ina udanganyifu, maana wapo wanaonyoosha miwili.

"Wanaokubali wapange mstari kushoto, wanaokataa kulia. Kila mtu aonekane."

Nikainuka kwa majivuno, kwa kuwa aliyesema ni damu yangu, nikawa wa kwanza upande wa kulia. Wazee wenzangu wakajipanga nyuma yangu, na wana wetu nyuma yao. Nilipogeuka, wanawake wa bonde walikuwa wangali wamekaa chini, vichwa wameviinamisha.

Kwetu mke wa mwana hasimami mstari mmoja na baba mkwe wake, wala hampiti karibu. Hilo halikuandikwa popote, na hakuna asiyelijua, isipokuwa labda maprofesa. Ninao wakwe wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa mkono.

"Kina mama, mbona mmekaa?" mwanangu akauliza. "Hii ni haki yenu ya kikatiba!"

Mama mmoja mwenye ulimi akamjibu: "Baba profesa, haki yenyewe umeiweka nyuma ya mkwe wangu. Nitaifikaje?"

Wenzake wakacheka ndani ya kanga. Kutoka mstari wa kushoto mtu akapaza sauti: "Hesabu, bwana! Waliokaa wamekubali!"

Mwanangu akafungua daftari, akaanza kuhesabu kweli. Nikamwita kwa ukali mbele za watu.

"Wewe! Umewahi kumwona mama yako akila mbele ya babu yako?"

"Baba, utaratibu umeshatangazwa. Nikiubadilisha katikati, watapinga matokeo."

Elimu yote ile, na bonde linaondoka tukilitazama. Nikawaambia wazee: "Tutoke."

"Tupoteze kura zetu?" mmoja akalalamika.

"Sisi ni tisa. Hebu wahesabu wale waliokaa."

Tukaenda nyuma ya ghala la kijiji, tukaugeuzia mkutano migongo. Sikuona chochote. Nilisikia vishindo vya miguu, na sauti ya mama yule ikiwahimiza: "Haya, songeni, nyie!"

Bonde halikukodishwa. Baada ya mkutano mwanangu alinifuata, akaniambia kwamba nilichofanya ni mfano bora wa wenye nguvu kuwapisha wanyonge, na kwamba atawafundisha wanafunzi wake. Nikamwambia asimfundishe mtu yeyote kabla hajaenda kwa wake za ndugu zake kuwaomba radhi kwa kuwaaibisha mbele ya kijiji. Alikwenda, tena kwa miguu.

Hata hivyo, katika muhtasari wa mkutano ule mimi sikuhesabiwa. Nimekaa kijiji hiki tangu kikiwa pori, sijawahi kukosa kura, na aliyenikosesha ni mtoto niliyemsomesha kwa ng'ombe wangu mwenyewe.