Nyumba Iliyolipwa Kabla ya Wakati

Wewe ungekata nini kwanza, ili umalize mkopo wa nyumba mapema?

Juzi, katika benki moja pale mjini Wote, mke na mume walikuja kuchukua hati yao ya nyumba.

"Mmewezaje?" karani akauliza.

"Tuliacha nyama, tukaacha sukari, hata harusi tukaacha kwenda," mke akajibu.

Sisi wa foleni tukatikisa vichwa kama kanisani wakati wa ushuhuda. Kujinyima kwa wengine hutubariki kweli.

"Ni vile tu mama mkwe hakuiona siku hii," mke akaendelea, akimtazama mumewe. "Presha ilimchukua, na vile huyu alikuwa anamnunulia dawa kila mwezi."

Mume aliikunja hati, akaikunjua.

"Alikuwa anameza nusu," akasema. "Nilimdanganya kwamba daktari amesema nusu inatosha."