Aliyekuja na Ukungu

Nilipokuwa bado mtoto wa kugombea nafasi karibu na moto, enzi za Waingereza, nyumbani kwetu Njombe kikohozi kilijulikana kinakotoka: kwenye ukungu. Bibi hakukosa kanisani Jumapili, lakini ukungu wa Juni aliuwekea sheria zake mwenyewe. Ulipotanda, tuliziba dirisha la jiko kwa magunia tukalala humo sote. Aliyetembea ndani ya ukungu hakuingia jikoni. Alilala ghalani, kwenye mahindi, mpaka jua litoke, kwa kuwa ukungu ulidhaniwa kukaa katika nguo.

Mwaka huo aliyetumwa mtoni alikuwa mama mdogo Rebeka, mke wa baba mdogo, yeye Mkinga wa Makete, kwenye baridi kushinda Njombe, bado mgeni kwetu. Aliporudi na mtungi, bibi alimwonyesha ghala.

"Mama, ukungu huu ndio tuliozaliwa nao," mama mdogo alisema akicheka. "Ungekuwa unaua, Makete wangebaki mbuzi tu."

Bibi hakucheka.

Jioni ile baba mdogo alirudi kutoka Makambako, alikokuwa kibarua wa barabara. Alishukia mlangoni petu kwa lori, nguo kavu, akipiga chafya. Alisema wenzake kambini wote walikuwa wanakohoa. Bibi akamkalisha katikati yetu, na uji tukanywa naye kwa kata moja.

Ukungu haukuondoka upesi. Kabla haujaondoka, jiko zima lilikuwa linakohoa, na bibi mwenyewe hakuweza kuinuka. Mama mdogo, mzima kabisa, alitupikia nje na kutupitishia chakula kwenye upenyo wa mlango.

Jua lilipotoka, bibi aliwaita wazee wa ukoo.

"Tumeugua nyumba nzima," alisema. "Yeye hajakohoa hata mara moja. Ukungu ni wake."

Wazee walimgeukia baba mdogo. Neno lake moja lingetosha kumbakiza mkewe. Alitazama miguu yake. Sisi wengine tuliokuwa jikoni, wakubwa kwa wadogo, tulikohoa tu.

Asubuhi iliyofuata mama mdogo alijitwika mzigo wake. Alipopita karibu nami alisema taratibu, "Mzibe dirisha vizuri, nisije nikarudi kwa hapo."

Sekondari nilifundishwa kwamba mafua huletwa na virusi, navyo hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Baridi huvisaidia kudumu hewani, tena hutusukuma ndani, tukafunga kila tundu na kuvuta pumzi za wenzetu. Ghala lenye upepo ndilo lililomkinga mama mdogo. Bibi hakuyajua hayo, na kwa hilo simlaumu. Lakini habari ya kambini tuliisikia sote kwa masikio yetu, na haikuhitaji shule.

Siku hizi watoto wakiuliza kwa nini baba mdogo alioa mara mbili, ndugu zangu hujibu kwamba mke wa kwanza alishindwa na baridi yetu. Mtu wa Makete, ashindwe na baridi ya Njombe. Kisha wote hunitazama mimi, ninayeaminiwa kwa habari za ukoo, nami huomba tubadilishe mazungumzo.